Mjane wa Kumi na Mbili

Fundi alikuwa marehemu tangu mwezi wa tatu, lakini mwenyewe alikuja kuambiwa mwezi wa saba, Jumanne asubuhi, akiwa na mswaki mdomoni.

"Nimekufa?" aliuliza.

"Kwenye karatasi," alijibu mkewe. "Kwenye fomu tu, Baba Kidoti. Usipige kelele, majirani watasikia."

"Kwani majirani hawajui?"

Mkewe aliinamia cherehani akajifanya anatia uzi. Majirani walijua. Mtaa mzima ulijua, kasoro maiti mwenyewe. Fundi alisukutua, akatema povu uani, akarudi akichechemea na fimbo yake mpaka kwenye kiti cha mlangoni. Mkewe akashona mshono mmoja mara tatu, akaufumua mara tatu.

Huyu mkewe alikuwa mshonaji, ila watu walishamzoea kwa jina la Katibu, kwa sababu ndiye aliyeshika kalamu ya Tujikwamue, kikundi cha wajane wa pale mtaani. Kuwa katibu wa wajane hakukuhitaji mtu awe mjane. Kulihitaji mwandiko mzuri na moyo wa kuingia ofisini bila kutetemeka. Miaka miwili aliwaandikia barua zao bure, akawajazia fomu, akawasomea majibu, ambayo mara nyingi yalikuwa ya kukataliwa kwa heshima zote.

Safari hii shirika moja la misaada lilisema wazi: ruzuku ndogo, itoshe kununua mashine ya kusaga nafaka na kujenga banda lake, kwa kikundi cha wajane wasiopungua kumi na wawili. Na kweli walikuwa kumi na wawili kamili, mpaka mwenzao mmoja, muuza mitumba, alipoolewa tena. Aliolewa Jumamosi, fomu inatakiwa Jumatatu. Hakuna aliyethubutu kumlaumu, maana alikuwa anacheka mpaka magego yanaonekana, lakini mwenyekiti alinung'unika wiki nzima kwamba mtu angeweza kuvumilia japo siku tatu. Mtaani alibaki mjane mmoja tu wa kuongezwa, naye alisema hataki jina hilo liandikwe popote, limemtosha kuitwa kwa mdomo.

Basi Jumatatu ile Katibu alisimama kwenye kibanda cha kutolea nakala, foleni nyuma yake inamsukuma, ofisi inafungwa saa kumi, na mstari wa kumi na mbili uko mtupu. Akaandika jina lake. Kisanduku cha pili kikataka jina kamili la marehemu mume, akaandika. Cha tatu kikataka mwaka, akaandika. Cha nne kikauliza sababu ya kifo. Hapo kalamu ilisita, halafu akaandika: ajali kazini. Alijiambia huo si uongo mtupu. Fundi alikuwa mwashi, na kweli jukwaa la ujenzi lilivunjika akaanguka kutoka ghorofa ya pili, nyonga ikapasuka, na tangu siku hiyo hajashika mwiko. Kitu pekee ambacho hakufanya ni kufa.

Alidhani watakataliwa kama kawaida na fomu itaozea kwenye kabati la watu. Lakini miezi minne baadaye, Jumatatu usiku, simu ilikuja: mmefaulu, afisa wetu anakuja Alhamisi, atawatembelea nyumba kwa nyumba.

"Ajali kazini," alisema Fundi hatimaye, pale kwenye kiti chake. "Angalau hukuniua kwa ulevi."

*

Jioni yake mwenyekiti alikuja mwenyewe. Walimwita Mama Mkaa kwa biashara yake, na alikuwa mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata kunong'ona kwake kulisikika nyumba ya tatu.

"Shemeji," alisema, akijipangusa mikono kwenye kanga kabla ya kumpa Fundi mkono. "Nimekuja kukuomba radhi, halafu nikuombe na jambo."

"Anza na jambo. Radhi tutaiona."

"Nusu siku tu. Saa nne mpaka saa saba. Unakwenda kwa kinyozi, unakaa, unapiga soga, mgeni anapita, anaondoka."

"Na saa saba nafufuka?"

"Saa saba unarudi kula chakula chako." Mama Mkaa alivuta pumzi. "Sisi wengine, shemeji, waume zetu hawarudi hata kwa chakula."

Fundi aliangalia chini. Alimfahamu mumewe Mama Mkaa. Waliwahi kupandisha ukuta mmoja pamoja, na siku ya mazishi yeye ndiye aliyelainisha saruji ya kaburi. Alihisi amekosa adabu, na hilo likamwudhi zaidi, kwa sababu aliyekosewa hapa ni yeye.

"Sikiliza," Mama Mkaa alisogeza kigoda. "Unajua yule mwenye mashine wa ng'ambo ya daraja anavyotufanyia. Anachota unga wetu kama ameachiwa na baba yake, na ukisema anakuzimia mashine. Hii ya kwetu itatutoa hapo. Na banda lazima lijengwe. Msingi, ukuta, sakafu. Fungu la mwashi limo kwenye bajeti, muulize mkeo, ndiye aliyeandika. Sasa mwashi wa mtaa huu ni nani? Wewe unakaa na fimbo yako, unaelekeza vijana, unalipwa kama mtu."

"Kama mtu," Fundi alirudia.

"Sikusema kwa ubaya, shemeji."

"Najua." Akacheka, kicheko kifupi ambacho mkewe hakukipenda hata kidogo. "Yaani kazi ya kwanza tangu nianguke, na siipati mpaka niwe nimekufa. Haya. Nitakwenda kwa kinyozi."

Mama Mkaa alishukuru mpaka akazidisha, akaondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Katibu alibaki amesimama katikati ya chumba hajui mikono aiweke wapi. Alikunja kitambaa, akakikunjua. Alitaka mumewe agombe, atupe kitu, amwite majina. Fundi aliuliza tu kama maji ya kuoga yapo.

Usiku ulipoingia Katibu alimkalisha binti yao kitandani. Kidoti alikuwa na miaka saba na kidoti cheusi kwenye shavu, na ulimi ambao haujui kupumzika.

"Mgeni akikuuliza baba yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Mwaka juzi." Kidoti akaangua kicheko.

"Ukicheka hivyo nani atakuamini?"

"Lakini Baba yupo pale, anajikuna mguu!"

"Kidoti! Huu si mchezo. Mashine haitakuja ukicheka. Utasema hivyohivyo, na usiache mpaka mimi nikuambie acha. Umesikia? Mpaka mimi."

"Mpaka wewe," alisema Kidoti, sasa kwa sauti ya kuogopa.

*

Alhamisi Katibu aliamka kabla ya jogoo na tangu hapo hakutulia. Alifagia uani mara mbili. Alishusha picha ya harusi ukutani, na pale ilipokuwa pakabaki mraba msafi unaomkodolea macho, akatundika kalenda. Viatu vya Fundi, wembe wake, shati la kutokea, mwiko na timazi yake ya uashi, vyote alivitia kwenye gunia akalisukuma chini ya kitanda. Fundi alitazama vitu vyake vikiingia guniani kimoja kimoja. Aliomba aachiwe kitana.

"Nachana nywele, nakwenda," alisema.

Saa mbili na nusu, kabla hajavuka hata kizingiti, gari jeupe lilisimama nje. Afisa aliambiwa saa nne, lakini alikuwa na vikundi vingi na barabara mbovu, akaamua kuwahi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na faili kubwa kifuani, na Mama Mkaa alikuwa anamkimbilia nyuma na kiatu kimoja hakijafungwa.

"Hodi hapa. Hapa ndipo kwa Katibu?"

Fundi alikuwa wima mlangoni, kitana mkononi, fimbo mkono wa pili. Watu wanne walitazamana. Mdomo wa Katibu ukasema wenyewe kabla yeye hajaamua:

"Karibu, karibu sana. Huyu ni shemeji yangu. Mdogo wake marehemu."

"Ooh. Pole sana, ndugu."

Fundi aliupokea mkono aliopewa. "Nimeshapoa," alisema.

"Kidoti!" Mama Mkaa aliropoka kutoka nyuma. "Mletee baba mdogo kiti chake akae, mguu unamsumbua!"

Kidoti alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akaelewa upesi kuliko walivyotarajia wakubwa. Alileta kiti. "Kaa, baba mdogo," alisema, na Fundi akakaa.

Afisa naye alikaa, juu ya kitanda maana kiti kilikuwa kimoja, akafungua faili. Aliuliza umri, akauliza kodi ya chumba, akauliza cherehani ni ya nani. Katibu alijibu yote akiwa amesimama, huku akinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Halafu afisa akamgeukia Fundi.

"Na marehemu kaka yako alikuwa anafanya kazi gani, ndugu yangu? Nisamehe kwa kukukumbusha."

"Mwashi," alisema Fundi. "Nusu ya kuta unazoziona kutoka hapa mpaka darajani ni mkono wake. Ukuta wake haupindi. Nenda kapime."

"Alianguka, nimesoma hapa. Alifariki palepale?"

"Hapana. Ilichukua muda." Fundi aliweka kitana mfukoni. "Mwanzoni watu walikuwa wanakuja kumwona. Kila siku, mpaka viti havitoshi. Halafu wakawa wanapita na kusalimia kwa mbali. Halafu wakawa wanamuuliza mkewe habari zake, na mwenyewe amekaa papo hapo anasikia. Mafundi wenzake wakaja kuazima vifaa vyake, maana havina kazi. Ikaenda hivyo. Siku aliyofariki hasa, mimi sikuwa na habari. Nilikuja kuambiwa baadaye."

Mama Mkaa aliangalia kiatu chake. Katibu alishika ukingo wa cherehani.

"Alikuwa mtu mwema?" afisa aliuliza taratibu.

"Muulize mjane wake."

Afisa alimgeukia Katibu, na Katibu akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa sauti nyembamba: "Alikuwa. Alikuwa mwema mno." Akaanza kulia, machozi ya kweli kabisa, na afisa akavua miwani akampa kitambaa chake. Hakuna mjane hata mmoja siku ile aliyelia vizuri kama yeye.

"Na wewe mwanangu, unamkumbuka baba?"

Kidoti alisimama wima kama yuko mbele ya mwalimu. "Baba alifariki mwaka juzi," alisema kwa mkupuo. "Alikuwa ananipenda." Hilo la pili hakufundishwa na mtu.

*

Saa sita wanawake wote walikuwa wamejaa uani kwa Mama Mkaa, katikati ya magunia. Afisa alikuwa ameshazunguka nyumba zote, na vumbi limempanda mpaka magotini. Alisema maneno machache, maana hakuwa mtu wa hotuba. Alisema ameridhika. Alisema faili analipeleka mwenyewe, na mashine itafika mwezi ujao, kabla ya mvua. Kisha akaongeza kwamba amepita nyumba nyingi kwenye kazi hii, lakini nyumba ya Katibu hataisahau.

Vigelegele vilipasuka. Bibi mmoja aliyezika waume wawili alitupa fimbo akacheza. Mama Mkaa alimkumbatia Katibu akamnyanyua juujuu, akimwambia sikioni kwa kile kinong'ono chake, "Umetutoa, mwanangu, wewe na shemeji, Mungu awape." Wote walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Lakini hakuna aliyetamka jina la Fundi, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Katibu aliona hilo. Walikuwa wameshaanza kuzoea.

Aliwaacha wakimkusanyia afisa zawadi ya mayai akaelekea nyumbani karibu mbio, apate kumwambia mumewe kwamba imepita, imekwisha, kazi ya banda ni yake. Njiani alipanga maneno. Angeanza na samahani. Au angeanza na banda, halafu samahani.

Fundi alikuwa kwenye kiti palepale alipoachwa. Kidoti alikuwa ameshapakua, amembebea sahani kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu.

"Baba mdogo, karibu chakula," alisema mtoto.

"Kidoti," Katibu alisema kutoka mlangoni, "mgeni ameshatoka kwetu."

"Hujaniambia niache."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Alikuwa anatii tu, kama alivyoagizwa. Na Katibu angecheka, pengine wote watatu wangecheka, kama Fundi asingepokea ile sahani kwa mikono yote miwili, kwa adabu, namna mtu anavyopokea chakula kwenye nyumba ya watu.

"Ahsante mwanangu," alisema Fundi. "Baba mdogo amekushukuru."

Akanawa, akaanza kula. Alikula kidogo kidogo, bila kuomba chumvi, yeye ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kula mlo wa mkewe bila kuomba chumvi. Hakuwa na hasira. Katibu alimtazama usoni akitafuta hasira, akaikosa, na hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Aligeuka akatoka. Viatu alivisahau.

*

Gari jeupe lilikuwa limefika kwenye kona ya mwisho, linapinda polepole kukwepa mashimo. Katibu alilipiga ubavuni kwa kiganja. Dereva akasimama, kioo kikashuka.

"Mama, vipi? Kuna nilichosahau?"

"Mume wangu hajafa," alisema Katibu, akihema.

Afisa hakushtuka. Aliweka mkono juu ya faili lililokuwa mapajani, kama anazuia upepo usilifungue. Alitazama miguu mitupu ya Katibu, akatazama barabara iliyokuwa mbele.

"Gari linanguruma," alisema. "Sijakusikia."

"Nimesema mume wangu..."

"Mama." Afisa alisogea karibu na dirisha. "Nina vikundi tisa wiki hii. Kwa ninavyojua mimi, umekuja kuniaga, na nimefurahi. Ukirudi nyumbani sasa hivi, mimi sijasikia kitu, na mashine inakuja. Ukirudia nitasikia. Nikishasikia nitaandika, maana ndiyo kazi yangu, na kumi na mmoja hawawezi kuwa kumi na wawili. Tumeelewana?"

Katibu aliangalia nyuma. Wanawake walikuwa wanakuja na barabara, bado wanaimba, Mama Mkaa mbele kabisa na bakuli la mayai aliloliacha mgeni. Alimwona Katibu dirishani. Wimbo ukamkatikia mdomoni. Wengine waliendelea kidogo, halafu nao wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya yule bibi wa waume wawili, ambaye hakuona vizuri.

"Katibu," Mama Mkaa aliita kutoka pale alipo. "Mwanangu. Acha. Njoo huku."

Aliwapenda. Alijua nani kati yao analala na njaa na nani anatembea na gunia la mahindi kichwani akiwa na mgonjwa mgongoni. Alijua kesho hakuna atakayemletea nguo ya kushona, na kwamba banda halitajengwa, na kwamba Fundi mwenyewe huenda akamwambia amefanya upumbavu. Yote hayo aliyapitia haraka, amesimama kwenye kokoto za moto, akibadilisha mguu huu na huu.

Tangu aolewe hajawahi kumwita mumewe kwa jina. Alikuwa Fundi, alikuwa Baba Kidoti, alikuwa "we" wakigombana. Mara moja tu alilitumia lile jina, kwa kalamu, kwenye kisanduku cha pili. Sasa alilitamka lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mama Mkaa na kupita.

"Yuko hai," alisema. "Yuko nyumbani, anakula."

Mama Mkaa alikaa chini palepale barabarani, na nguo yake ya sikukuu, bakuli mapajani. Dereva alizima gari. Afisa akafungua kalamu.